Eneo Peke Yake Halikupi Pande: niliyosema Ngamiani kwa wazazi, wanafunzi na mafundi

Wengi mmeniomba niweke maneno ya Jumamosi pale Ngamiani, Tanga, hasa nyie mliokuwa safarini na wale wa Muheza na Pangani ambao mvua iliwazuia. Haya, nayaweka yote nilivyoyasema. Michoro ya ubaoni siwezi kuileta hapa kwa hiyo shika kalamu na karatasi uchore mwenyewe huku unasoma, utaelewa vizuri zaidi.

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Wazee wangu shikamooni. Mama zangu mliokaa huku mbele ahsanteni sana, najua Jumamosi asubuhi ni sokoni na ni kufua na bado mmekuja. Vijana wa fomu tuu mpaka fomu foo, hamjambo? Na mafundi wangu nawaona mmejikusanya kule nyuma, sogeeni, leo nitawahitaji.

Nimeambiwa niongee hesabu na nichague jambo moja tu. Nimechagua hili: ukipewa eneo la pembetatu, pande zake unazipataje? Najua kuna mzazi anajisemea sasa hili linanihusu nini mimi. Linakuhusu. Mwenye kiwanja linamhusu, anayepaua nyumba linamhusu, na mtoto anayekaa mbele ya karatasi ya mtihani linamhusu mara mbili. Nipeni muda kidogo.

Naanza na swali. Kuna kiwanja cha pembetatu, eneo lake mita za mraba 600. Pande zake ni ngapi ngapi? Haya, nani? ... Kijana pale anasema thelathini na arobaini. Vizuri, thelathini mara arobaini ni 1,200, nusu yake 600, umepata. Lakini mbona mwenzako anasema ishirini na sitini? Ishirini mara sitini 1,200, nusu 600, naye amepata. Na mimi nikisema kumi na mia ishirini je? Nimepata pia! Sasa nani ana kiwanja chenyewe hapa?

Hakuna. Wote watatu mmetaja viwanja tofauti, wa mwisho umekuwa kipande chembamba hata choo na shimo lake vinabanana, na karatasi ya mauziano ingeandika kitu kile kile kwa wote, mita za mraba 600. Hilo ndo jambo langu la leo na nitalisema mpaka mlichoke. Eneo peke yake halikupi pande. Eneo ni namba moja, pembetatu ina pande tatu, na namba moja haiwezi kubeba siri za watu watatu. Lazima upewe kitu kingine juu yake. Semeni na mimi, eneo peke yake halikupi pande!

Sasa mnisikilize kwenye hili la kiwanja maana nimeliona kwa macho.

Kuna bibi mmoja, mjukuu wake namfundisha, alinunua kiwanja njia ya Pangani pale barabara inapokata kona. Viwanja vya kwenye kona mnavijua, mara nyingi vinabaki vya pembetatu. Karatasi yake imeandikwa upande wa barabarani mita 30, eneo mita za mraba 600, basi. Bibi anataka kuzungushia seng'enge na fundi anamuuliza, bibi tunanunua mita ngapi? Mjukuu akashika kalamu. Eneo la pembetatu ni nusu ya kitako mara kimo, kwa hiyo ukirudi nyuma unazidisha eneo mara mbili alafu unagawa kwa kitako. 600 mara mbili 1,200, gawa kwa 30, inakuja 40. Akamwambia, bibi, upande wa pili ni mita 40.

Hesabu yake iko sawa kabisa, hapo amefundishika. Lakini 40 ni upande? Mafundi, 40 ni upande? Sio upande! Ni kimo. Ni ule umbali wa kutoka barabarani kwenda moja kwa moja mpaka usawa wa kona ya ndani, skwea na barabara, yaani nyuzi 90. Na ile kona ya ndani iko wapi hasa? Hesabu haijasema. Hesabu imesema tu iko mita 40 kutoka barabarani, inaweza kuwa kushoto, inaweza kuwa kulia, inaweza kuwa kule mbali kwenye minazi ya jirani, na popote itakapokuwa ilimradi ni mita 40 kutoka kwenye mstari wa barabara eneo ni lile lile 600.

Pigeni hesabu na mimi. Kona ya ndani ikiwa inatazamana na mwisho wa upande wa barabarani, yaani kona moja iko skwea, pande ni 30, 40 na 50, seng'enge mita 120. Ikiwa katikati kabisa, pande mbili za ndani zinalingana, kila moja ni kipeuo cha pili cha 15 kwa 15 ukijumlisha 40 kwa 40, hiyo ni 1,825, kipeuo chake 42.7 hivi, na seng'enge inakuwa kama mita 115 na nusu. Ikiwa imesogea nje kupita mwisho wa barabara kwa mita 30 nyingine, basi upande mmoja ni 50 na mwingine unafika 72, seng'enge mita 152. Eneo moja, kitako kimoja, seng'enge tatu. Mama zangu, kutoka 115 mpaka 152, hiyo tofauti ni pesa ya nani? Ni ya bibi!

Wakafanya nini? Wakafanya kitu cha busara, wakaenda na jirani aliyekuwepo siku ya kupima, akawaonesha kona ya upande wa mnazi kwamba ile ilipigwa skwea. Neno moja tu, skwea. Na neno hilo moja likafungua kila kitu, 30, 40, 50. Mafundi mmetabasamu, ndio, ni ile tatu nne tano yenu ya kuchukulia mraba wa msingi, imezidishwa mara kumi tu.

Hapo hapo niseme kitu kuhusu wazee wetu. Huku kwetu shamba tunalipima kwa hatua, eka ni hatua sabini kwa sabini. Kuna vijana wanawacheka wazee kwa hilo. Msicheke! Sabini mara sabini ni 4,900. Eka ya kwenye vitabu ni yadi za mraba 4,840, na hatua ndefu ya mtu mzima ni kama yadi. Mmeona walivyokaribia? Lakini cha maana zaidi ni kwamba mzee akikwambia sabini kwa sabini amekupa pande. Akija mtu na karatasi imeandikwa "eka moja" bila kuchora, bila pande, bila bikoni, amekupa eneo tu, na eneo peke yake? ... Halikupi pande, ahsanteni. Wallahi nawaomba, msiweke saini kwenye karatasi ya kiwanja yenye eneo bila pande. Tena kikiwa cha pembetatu taka pande zote tatu, maana pembetatu ukishajua pande tatu haichezi tena, hakuna wa kuisogeza.

Haya, tuendelee. Mtu anaweza kufikiri huu ujuzi wa kutoka kwenye eneo kurudi kwenye pande umeletwa na meli kutoka Ulaya. Sikilizeni.

Kuna karatasi la mafunjo la Misri, hapa hapa Afrika, liliandikwa karibu mwaka 1850 kabla ya Kristo. Mrusi mmoja, Golenishchev, alilinunua huko Misri mwishoni mwa karne ya 19 na leo limehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Pushkin, Moscow, ndio maana linaitwa mafunjo ya Moscow. Ndani yake kuna maswali ya hesabu na majibu yake. Swali la 17 ni hili hili letu. Pembetatu ina eneo 20. Tafuta urefu na upana wake.

Sasa nataka muone yule mwandishi wa Misri alivyokuwa mtu makini. Hakuishia kwenye 20. Alijua, miaka karibu elfu nne iliyopita, kwamba 20 peke yake haitoshi, kwa hiyo akaongeza kitu cha pili, upana ni theluthi moja na sehemu moja ya kumi na tano ya urefu. Wao waliandika sehemu kwa namna hiyo, moja juu ya kitu, moja juu ya kitu. Theluthi moja ukijumlisha moja ya kumi na tano ni mbili ya tano. Kwa hiyo upana ni mbili ya tano ya urefu.

Alafu anasema fanya hivi, zidisha 20 mara mbili. Kwa nini mara mbili? Kwa sababu pembetatu mbili zinazofanana zenye kona ya skwea ukizibandika zinakupa mstatili. Sasa una mstatili wa 40. Kisha zidisha mara mbili na nusu, unapata 100. Kwa nini mbili na nusu? Hapa ndo utamu ulipo. Upana ni mfupi, ni mbili ya tano tu ya urefu, ukiuvuta mara mbili na nusu unakuwa sawa na urefu, na mstatili ukishakuwa na urefu sawa na upana umekuwa nini? Mraba! Mraba wa 100. Na mraba wa 100 upande wake kila mtoto hapa anaujua. Kumi. Urefu ni 10, upana ni mbili ya tano ya 10, ni 4. Hakiki, 10 mara 4 ni 40, nusu 20. Kwisha.

Hakuna kalkuleta, hakuna herufi eksi, hakuna wai. Ameigeuza pembetatu kuwa mstatili, mstatili kuwa mraba, akamaliza. Mimi hii naifundisha kila mwaka na kila mwaka kuna mtoto aliyekuwa anasema hesabu sio yake anainua macho. Kwa hiyo wewe binti wa Makorora, wewe kijana wa Sahare, usije ukasema hesabu ni ya watu wengine. Mwafrika alishaandika swali hili na jibu lake muda mrefu sana kabla ya hiyo mitihani unayoiogopa.

Tufike sasa kwenye jambo ambalo ndo hasa nimekuja kulisema, maana hili hata walimu wengine wanalipita haraka.

Tuseme umepewa eneo na pande mbili. Mbona hapo taarifa zimejaa, si tunapata upande wa tatu moja kwa moja? Wangapi wanasema ndio? Mikono juu. Mikono mingi. Sasa njooni kwenye nyumba.

Kijana mmoja yuko Dar, anamjengea mama yake huku. Fundi wa kwanza kamaliza kuta akasafiri, hapokei simu. Kijana kwenye simu yake ana ujumbe wa fundi tu, ule ukuta wa pembetatu wa juu unaofunga paa ni mita za mraba 12, na mbao za mteremko za kenchi ni mita tano tano. Anataka kuagiza ile mbao ya chini, inayolala kutoka ukuta mpaka ukuta, ije imekatwa tayari. Akapiga hesabu vizuri akapata mita 6, akaagiza. Mbao zikaja, ukuta unasubiri mita 8.

Alikosea hesabu? Hapana! Twendeni taratibu. Pande 5, 5 na 6. Gawa ile 6 katikati, una tatu, na mteremko tano, kimo ni nne. Nusu ya 6 mara 4, kumi na mbili. Sawa? Sawa. Sasa pande 5, 5 na 8. Gawa 8 katikati, nne, mteremko tano, kimo tatu. Nusu ya 8 mara 3 ... semeni ... kumi na mbili! Paa moja limesimama sana, lingine limelala, mbao za mteremko zile zile, ukuta wa juu eneo lile lile, hata tofali ni zile zile, za blok inchi 18 kwa 9 zinaingia karibu kumi kwa mita ya mraba, kwa hiyo kama 120 kote kote. Nyumba mbili tofauti kabisa na taarifa moja.

Majibu mawili, jamani. Na yote mawili ni sahihi.

Kwa nini? Binti wa mbele njoo, na wewe kijana njoo. Shikeni hivi vijiti viwili, vina urefu sawa, vimefungwa pamoja huku mwisho. Vifungeni kabisa vilaliane. Eneo katikati ni ngapi? Sifuri. Fungua kidogo kidogo. Eneo linakua, linakua, endelea ... simama hapo, hapo ni skwea, nyuzi 90. Hapo eneo limefika mwisho wake, vijiti vingekuwa vya mita tano ingekuwa tano mara tano gawa kwa mbili, 12.5. Endelea kufungua. Mnaona? Linaanza kupungua, linapungua, mpaka vijiti vinalala mstari mmoja, sifuri tena. Kwa hiyo kutoka sifuri kwenda 12.5 na kurudi sifuri, ile 12 umeipita mara ngapi? Mara mbili! Mara moja ukipanda, mara moja ukishuka. Ukipanda pembe ni karibu nyuzi 74, ukishuka karibu 106, na ukizijumlisha hizo mbili unapata 180, wa fomu foo mnaoshika sini hapo mmeshaelewa kwa nini, sini ya pembe na sini ya kilichobaki kufika 180 ni sawa sawa. Ahsanteni, kaeni, wapigieni makofi.

Na kutoka hapo mnapata zawadi nyingine. Mtu akija na pande 5 na 5 akakwambia eneo ni 13, usihangaike, usijaze karatasi. Mwambie pembetatu hiyo haipo, mwisho wake ni 12.5. Swali la namna hiyo lina majibu mawili, au moja tu pale kwenye skwea, au hakuna. Mtoto akijua hilo kabla hajaanza kuzidisha ameshamzidi anayekariri kanuni.

Wale wanaotaka njia ya kanuni, ipo. Heroni wa Aleksandria, Misri tena, karne ya kwanza baada ya Kristo, aliandika namna ya kupata eneo kutoka pande tatu. Al-Biruni, yule mwanachuoni mkubwa wa Kiislamu, alisema kanuni hiyo ilikuwa ya Archimedes, mwanahesabu wa Ugiriki ya kale, tangu kabla ya Heroni. Kitabu chenyewe cha Heroni kilipotea karne nyingi, nakala ikaja kuonekana Istanbul mwaka 1896. Watu wanaitumia kwenda mbele, pande tatu unapata eneo. Sisi tunairudisha nyuma. Kwa pande 5 na 5, kanuni ikishapigwa msasa inakuambia hivi, chukua mraba wa upande usiojulikana, uzidishe na 100 ukitoa huo mraba wenyewe, upate eneo mara eneo mara 16. Eneo ni 12, 12 mara 12 ni 144, mara 16 ni 2,304. Kwa hiyo unatafuta namba mbili ambazo jumla yake ni 100 na ukizizidisha unapata 2,304. Ni 36 na 64. Vipeuo vyake? Sita na nane. Zile zile mbao mbili! Hesabu ilikuwa inajua muda wote kwamba kuna nyumba mbili, yule kijana akachukua jibu la kwanza lililotoka akafunga daftari.

Angefanyaje? Angemuuliza mama swali moja kwenye simu. Mama, paa litakuwa limesimama au limelala? Basi. Au angemwambia mtoto wa jirani apime upana wa nyumba kwa futi kamba, dakika mbili.

La haraka haraka kwa fomu foo kabla sijakaa, maana hili halichukui muda na linapendeza. Pembetatu yenye kona ya skwea, upande mrefu ni 13, eneo 30, tafuta hizo mbili fupi. Chukua mraba wa 13, ni 169. Ongeza eneo mara nne, 120, unapata 289, kipeuo chake 17, hiyo ni jumla ya pande mbili. Rudi kwenye 169, sasa toa 120, unabaki na 49, kipeuo 7, hiyo ni tofauti yake. Namba mbili jumla 17 tofauti 7, ni 12 na 5. Kwa nini inafanya kazi? Kateni pembetatu nne za karatasi zinazofanana mzipange kuzunguka mraba wa 13 kwa 13, mtaona wenyewe mraba mkubwa unatokea nje. Alafu zikunjeni kuja ndani, katikati patabaki kamraba kadogo. Msiniamini mimi, kateni karatasi.

Walimu wenzangu mliopo, nawaomba jambo. Tukimpa mtoto swali la eneo na pande, tumpe na nafasi ya kusema "mwalimu, taarifa hazitoshi" au "mwalimu, kuna majibu mawili" na tumpe maksi zake zote. Tumewazoesha watoto kwamba kila swali lina jibu moja na ukichelewa umefeli, na matokeo yake mtoto mwenye akili anaona majibu mawili anajitilia shaka anafuta moja. Hilo linaniuma sana. Huyo mtoto anayeona mawili ndo tunayemtafuta.

Haya, kazi ya nyumbani, na wazazi mkae na watoto mezani msiwaachie. Pembetatu ina upande wa 13 na upande wa 15, eneo lake 84. Tafuteni upande wa tatu. Anzeni na kimo juu ya ule upande wa 15, kinakuja 11.2, kisha Pythagoras atawapa 6.6, na hapo mjiulize kimo kimeangukia ndani au nje. Jibu moja ni namba nzima, lingine lina desimali. Atakayekuja Jumamosi ijayo na moja tu nitamrudisha akatafute la pili. Mafundi, nyie njooni na futi kamba zenu, tutazipima zote mbili hapa uwanjani kwa kamba na vigingi.